Shamba Livae: siku saba kutoka mdomo wa Sabaki hadi Marafa

Jumatatu, mdomo wa Sabaki

Nimeanza pale mto unapoishia, kwa kuwa hapo ndipo hasara yetu inapoonekana kwa macho. Alfajiri bodaboda imenishusha darajani, kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi, nikafuata ukingo kwa miguu hadi maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Ni Julai, mvua ya mwaka imeshapita, lakini mto bado una rangi ya tofali. Rangi hiyo inaingia baharini kama doa kubwa, na leo upepo wa kusi unalisukuma kuelekea Mambrui. Kaskazi ikirudi, doa hugeuka likaja hadi mbele ya mji na kuyasogelea matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Mchanga nao hubaki ufuoni. Ufuo wa Malindi umepanuka hivi hivi, kwa udongo wa mashamba ya watu.

Mengi ya matope haya yametoka mbali. Mto huanza ukiitwa Athi huko juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani, hukutana na mto Tsavo ukawa Galana, ndipo ukatufikia kwa jina la Sabaki. Si haki kumtwika mkulima wa Malindi wekundu wote huu. Lakini mimi najua fungu langu. Nalima Msabaha, ekari mbili alizoniachia mama, na mwezi wa Mei mvua ya usiku mmoja iliniamsha nikakuta mahindi yamesimama juu ya mizizi mitupu, udongo umeondoka chini yake. Nilikaa nikapiga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni takriban lita 4,000. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu mwezi wa Mei si ajabu, ni lita 120,000 zilizoanguka juu ya ekari moja, na kila tone limeupiga udongo usio na kitu juu yake.

Mama alikuwa na neno lake: "Shamba livae." Alipanda kunde na fiwi, mmea wa jamii ya maharage, katikati ya mahindi bila kufundishwa na mtu. Mimi niliacha, nikafuata trekta na mistari safi. Wiki hii nimejipa kazi ya kuwatembelea wale ambao hawajaacha, na wale waliorudia, nijue mazao haya ya kufunika udongo yanafanya nini hasa chini ya ardhi yetu. Mkobani nina jembe dogo, daftari, chupa mbili za maji, na kopo la maziwa ya unga nililolikata pande zote mbili ili niweze kulididimiza ardhini na kutazama maji yanavyozama.

Jumanne, Goshi na Kakuyuni

Siku ndefu, nami naiandika kwa urefu wake.

Goshi nilipokewa na bibi ambaye kijiji kizima humwita Hawe, nami nikamwita hivyo. Mahindi yake yameanza kukauka, na chini yake kunde za kutambaa zimejaa hata huoni pa kuweka mguu. Aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Natafuta unyevu, Hawe."

"Basi inua majani."

Niliinua. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na njiani nilipokuja nilishindwa kuuacha mkono juu ya mchanga nikahesabu hata ishirini. Chini ya kunde zake udongo ulikuwa wa baridi, umeshikana, na nyungunyungu alijivuta kuukimbia mwanga. Nikaenda na kopo langu kwa jirani yake, kwa ruhusa, ambako mahindi yamesimama peke yake. Juu ya udongo kuna gamba jembamba lililokauka kama ukoko. Nilimimina maji, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za bei ya unga, na maji bado yamesimama koponi. Kwa Hawe maji yale yale yalizama kabla sijafunika chupa.

Gamba lile ni kazi ya tone la mvua. Likianguka juu ya udongo mtupu huvunja chembe zilizoshikana, na vumbi lake huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Jua likitoka, huoka kila kitu. Mvua inayofuata haina mlango wa kuingilia, basi huteremka na kuondoka na udongo. Jani la kunde hulipokea pigo lile, na tone hufika chini likiwa limeishiwa nguvu.

Hawe hupanda mahindi mvua ya kwanza ya Aprili, halafu kunde wiki tatu baadaye, baada ya palizi ya kwanza. Zikipandwa pamoja, anasema, kunde hupanda juu ya mahindi machanga na kuyakaba. Wiki za kwanza anachuma majani ya mboga, kisha anaziacha zitambae. Akishavuna mahindi hukata mabua na kuyalaza kukingama mteremko. Hachomi. Moshi wa mabua, kwa maneno yake, ni chakula cha shamba kinachopaa, na ndivyo ilivyo: naitrojeni na kaboni hupotea hewani, yakabaki majivu ya kusaidia msimu mmoja.

Tulichimbua shina moja. Mizizi imejaa vinundu kama punje za mtama, nikakata kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama fizi. Wekundu ule ndio dalili kwamba kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani ndani, hakijaanza au kimeshachoka. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani, na hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Bakteria wa kunde wameshajaa katika ardhi zetu, kwa hiyo mtu hahitaji kununua dawa ya kuchanganya na mbegu. Mwisho wa msimu Hawe hukata kunde kwa kisu na kuiacha mizizi. Anayeing'oa huondoka na vinundu vyake vyote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi hulikwepa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na nimewasikia watu wakiahidi wakulima kwamba kunde zitaondoa kabisa haja ya mfuko ule. Kunde ikivunwa mbegu zote, sehemu kubwa ya naitrojeni yake huondoka ndani ya zile mbegu na kuingia chunguni. Kinachobaki shambani ni majani, mizizi na kivuli. Ni kingi, lakini si mfuko wa urea. Mkulima akidanganywa mara moja hapa, hatasikiliza tena hata lililo kweli.

Alasiri nilirudi hadi Kakuyuni kwa mzee mmoja aliyewahi kupanda upupu. Neno lenyewe hutisha, maana upupu wa porini tunaujua ngozini. Ule wa kulimwa hauna nywele za kuwasha. Mradi mmoja ulimletea mbegu, akazipanda mahindi yalipofika magotini, na mahindi yalipokwisha kuvunwa upupu ukafunika shamba lote kama blanketi. Magugu yalikufa kwa kukosa mwanga. Msimu uliofuata, anasema, mahindi yalikuwa ya kijani aliyoisahau.

Nikamuuliza mbona sasa hana hata mche mmoja. Alinyamaza kidogo.

"Mbegu yake siwezi kuipika, siwezi kuiuza. Mwaka wa njaa nitaacha kupanda pojo nipande blanketi?"

Ni kweli. Mbegu ya upupu ina kemikali inayomdhuru mtu asipoitayarisha kwa taabu kubwa. Mradi ulipoondoka, hakuna aliyeona sababu ya kuweka mbegu. Na kulikuwa na mbuzi. Baada ya mavuno mbuzi hufunguliwa, hiyo ni desturi ya miaka mingi, na shamba lenye kijani mwezi wa Januari huwa malisho ya kijiji kizima. "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi," akasema, akanionyesha alama za kwato hadi mlangoni pa ghala.

Usiku huu sijalala vizuri. Nilidhani nimekuja kuuliza habari za udongo.

Jumatano, Jilore

Jilore imekaa ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, zile kilomita za mraba 420 hivi za msitu mkavu wa pwani zilizosalimika. Nilitaka mahali ambapo shamba na msitu vinagusana, udongo uliokuwa mmoja kabla ya panga kupita. Kiongozi kijana wa hapa alinipeleka.

Upande wa msitu unatembea juu ya majani yaliyokauka, chini yake yaliyolainika, chini yake yasiyojulikana tena kuwa ni majani. Nyuzi nyeupe za kuvu zimepita humo na kuzishika chembe za mchanga. Harufu ni ile ya mvua ya kwanza. Hatua thelathini nje ya msitu kuna shamba la mihogo, na mchanga wake umepauka, haushikani hata ukiufinya. Niliuchukua mkono wa kulia na ule wa msituni mkono wa kushoto. Mchanga ni huo huo. Kilichopungua kwenye shamba ni mboji, yale majani yaliyooza yakawa udongo.

Katika udongo wa mfinyanzi chembe zenyewe hushika maji na rutuba. Chembe ya mchanga haishiki karibu chochote. Maji hupita na mbolea hupita nayo hadi mizizi isikofika. Kwa hiyo sisi wa mchangani mboji ndiyo ghala letu pekee. Na joto letu linaila upesi. Viumbe wadogo wa udongo hufanya kazi mwaka mzima, hawana baridi ya kuwapumzisha, na kila trekta linapogeuza ardhi huwapa hewa wakala zaidi. Msitu unawapakulia kila siku kwa majani yanayoanguka. Shamba haliwapakulii, basi wanakula akiba.

Nilikaa kwenye kisiki nikaandika hivi: nimekuwa nikiyafikiria mazao ya kufunika kama dawa, unameza ukapona. Kumbe ni chakula. Msimu usipopakua, njaa imerudi. Ndiyo maana majaribio ya msimu mmoja huwavunja watu moyo katika pwani hii: jani la kunde likianguka kwenye mchanga wenye unyevu na joto huoza kwa wiki chache, na ukirudi Oktoba kutafuta mabadiliko huyaoni kwa macho.

Mabua ya mahindi hudumu zaidi, kwa kuwa yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Lakini ukiyafukia peke yake, wale viumbe huazima naitrojeni ya udongo ili waweze kuyala, na mahindi yako hugeuka manjano wakati wanapokopa. Kunde na mabua pamoja husaidiana, kimoja huoza upesi na kingine huchelewa. Mwenye shamba la mihogo alilalamika kwamba mchwa humaliza mabua yote kabla ya vuli. Najua, kwangu pia. Ila tulipofukua pale mchwa walipokula tulikuta matundu yanayoteremka chini, na kopo langu lilinyonya maji pale kuliko mahali pengine popote shambani mwake.

Alhamisi, Langobaya

Mvua huku ni chache kuliko pwani, na udongo wa bonde ni mfinyanzi uliopasuka, nyufa zinaingiza mkono. Nimeona shamba moja tu lenye fiwi, na mwenyewe alinipa onyo ninaloliheshimu. Mwaka uliopita aliiacha fiwi ikaendelea kuwa kijani hadi Septemba, kisha vuli ikachelewa, na mahindi yakakuta ardhi imenyonywa hadi chini. Mmea unaofunika hunywa pia. Siku hizi huukata ukianza maua na kuulaza, ukafunika ukiwa umekufa. Gurudumu la bodaboda limepasuka njiani, nimefika Malindi usiku.

Ijumaa, bustani za Sabaki na Mambrui

Kandokando ya mto vijana wanalima nyanya, biringani, bamia na tikiti kwa pampu. Kijana mmoja alinionyesha mche wa nyanya ulionyauka na maji yapo. Tulipoung'oa, mizizi ilikuwa imevimba kama imefungwa mafundo. Akauliza kama hivyo ndivyo vinundu vya naitrojeni nilivyokuwa nikivisifu.

Sivyo, na ni vizuri kila mkulima ajue tofauti. Kinundu chema kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinatoka. Uvimbe huu ni mzizi wenyewe ulionenepa, hautoki, na nyanya haina vinundu vyema hata siku moja. Hii ni kazi ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, na dawa zake ni ghali na kali.

Shemeji yake, hatua chache kando, amepanda marejea kwenye kipande kilichougua. Ni mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya hupika majani ya aina zake wakaita mitoo. Minyoo huingia kwenye mizizi yake lakini haizaani vizuri humo, na idadi yake hupungua. Huuacha miezi miwili, huukata maua yanapoanza kabla shina halijawa kuni, hulaza, kisha hurudisha nyanya. Nilimuuliza kama haoni uchungu kuiacha ardhi ya pampu miezi miwili bila pesa. "Niliona uchungu nilipopanda nyanya mara tatu nikavuna mara moja," alisema.

Nimeswali Ijumaa Mambrui. Baada ya swala, kwenye baraza, mzee mmoja alinikumbusha kwamba nyanda hizi katika karne ya 19 zilipakia majahazi mtama na ufuta kwenda Arabuni. Ni kweli, na zililimwa kwa mikono ya watumwa. Walipoondoka wenye kulazimishwa, mashamba mengi yalirudi vichakani, na sidhani kama ardhi yetu imewahi kupumzika tena kwa muda mrefu hivyo.

Jumamosi, Marafa

Watalii huja kutazama lile korongo, Nyari kwa Kigiriama, ambako maji na upepo vimeuchonga mchanga mwekundu, mweupe na wa zafarani ukawa minara. Wenyeji husimulia juu ya jamaa tajiri waliooga maziwa huku jirani wana njaa, na ardhi ikawameza. Nilisimama ukingoni muda mrefu. Korongo hili halikuletwa na jembe. Lakini linaonyesha mchanga usio na kitu cha kuushika huishia wapi.

Nilichokuja kukiona kiko upande wa pili wa kijiji: mbaazi. Mama mmoja na jirani zake wamepanda mistari miwili ya mahindi, mmoja wa mbaazi, huu msimu wa tatu. Mbaazi huanza polepole, haiwanii na mahindi, halafu mahindi yakitoka ndipo inapanuka. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja, hupasua tabaka gumu ambalo trekta limelikandamiza chini, na ukifa huacha mrija ambao mzizi wa mahindi hufuata. Mizizi hiyo hutoa asidi inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma katika udongo mwekundu. Na majani yake huanguka yenyewe, mwezi baada ya mwezi. Nilikumbuka Jilore. Mmea huu unampa mtu mbegu na bado unaipakulia ardhi.

"Na mbuzi, dada?" nilimuuliza.

Alinipeleka chini ya mwembe. Mwaka wa kwanza mbuzi walimaliza kila kitu. Mwaka wa pili wakawaita wenye mbuzi na mzee wa kijiji wakaketi hapa, si mara moja. Wakakubaliana: mbuzi wafungwe hadi mbaazi ivunwe, kisha wenye mbuzi wapewe maganda na vijiti vyenye majani, theluthi moja ibaki shambani. Anayevunja hulipa kwa kufanya palizi. Makubaliano yamevunjwa mara mbili na palizi imefanywa mara mbili.

Niliandika hayo kwa makini kuliko habari za fosforasi. Yule mzee wa Kakuyuni alipewa mbegu nzuri na maelekezo mazuri, na hakuna aliyeketi na wenye mbuzi wake.

Jumapili, Msabaha

Asubuhi nimekula mbaazi za nazi na mahamri mjini kabla ya kupanda matatu. Nimekula chakula hiki tangu utotoni, na nusu ya Malindi ilikuwa imeshika sahani kama yangu. Mbegu nyingi zinazouzwa sokoni zinatoka nje ya Malindi. Nilizinunua kilo mbili kwa mama muuzaji, za mwaka huu, nikazitazama moja moja kuhakikisha hazijatobolewa.

Kwangu mahindi yapo tayari kuvunwa. Nimekata mistari minne ya kwanza, nikalaza mabua kukingama mteremko pale Mei palipotoboka. Mbaazi nitazipanda vuli ikianza, pamoja na mahindi, na kunde wiki tatu baadaye kama Hawe. Trekta sitaliita mwaka huu.

Jioni nimekwenda kwa jirani yangu mwenye mbuzi kumi na wanne. Nimemweleza habari za Marafa, maganda, vijiti, theluthi. Alisikiliza huku akikamua. Aliuliza kama maganda ya mbaazi hayawafungi mbuzi tumbo, nikamwambia kule wanawapa pamoja na majani. Aliuliza nani atapima hiyo theluthi. Nikasema tutaipima pamoja, yeye na mimi.

Amesema atanijibu akizungumza na kaka yake, kwa kuwa mbuzi ni wao wawili. Nimemwachia kibaba kimoja cha mbegu.